Mabomu ya Sumu Chini ya Bahari

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wavuvi. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

 

Juma lililopita, baada ya somo la ramani, mvuvi mmoja aliniuliza swali. Alisema hivi: "Mwalimu, bomu likitupwa baharini si linakufa? Maji ya chumvi si yanakula chuma?" Nikamwomba asubiri, nilijibu mbele ya watu wote, maana ni swali kubwa. Ni kweli, maji ya chumvi yanakula chuma. Lakini chuma kikishaliwa, kile kilichokuwa ndani yake kinakwenda wapi? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tufungue ramani ile ile. Tazameni Ulaya, upande wa kaskazini. Mnaona bahari imeingia katikati ya nchi kama ghuba? Hiyo ni Bahari ya Baltiki. Pembeni yake kuna Ujerumani, Poland, Denmark, Uswidi, Finland, Urusi na nchi nyingine ndogo. Sasa wekeni kidole kwenye kisiwa kidogo kati ya Uswidi na Poland. Kinaitwa Bornholm. Ni kisiwa cha Denmark, na ni kidogo kuliko Unguja. Watu wake kwa miaka mingi wameishi kwa uvuvi, kama nyinyi hapa. Karibu na kisiwa hicho, upande wa mashariki, kumetupwa mabomu ya sumu, na yapo mpaka leo.

Kwanza tuelewane: bomu la sumu ni nini? Bomu la kawaida huua kwa mlipuko. Bomu la sumu lina baruti kidogo tu, ya kupasua ganda. Kinachoua ni dawa iliyo ndani. Kwa hiyo huitwa silaha za kemikali.

Iko sumu moja iliyo maarufu kuliko zote. Inaitwa gesi ya haradali, kwa sababu harufu yake inafanana na haradali au kitunguu saumu. Jina hilo linadanganya. Si gesi hasa, ni kitu kama mafuta mazito. Wajerumani waliitumia mara ya kwanza mwaka 1917 karibu na mji wa Ypres, nchi ya Ubelgiji. Ubaya wake ni kwamba haiumi mara moja. Mtu anaigusa, anaendelea na kazi yake, hasikii kitu. Baada ya saa kadhaa ngozi inakuwa nyekundu, inawasha, halafu inatoka malengelenge makubwa kama ya moto. Macho yanavimba na kufumba. Aliyeivuta puani anaungua mapafu.

Sumu nyingine zilitengenezwa kwa aseniki. Aseniki wengine mmeisikia, ndiyo ile sumu ya tangu zamani ya kuulia panya na hata watu. Wajerumani waliitengenezea dawa za kupigisha chafya na kutapisha. Majina yake ni Clark na adamsaiti. Shabaha ilikuwa askari apige chafya mpaka avue kile kifuniko cha uso kinachozuia gesi. Akishavua, sumu ya pili inamkuta. Tazameni akili ya binadamu inavyoweza kutumika!

Na iko ya tatu, tabuni. Hii nataka wakulima wa pamba waisikilize. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa kazini anatafuta dawa ya kuua wadudu wa mimea. Akapata dawa kali mno, ikamdhuru yeye mwenyewe na msaidizi wake. Jeshi likaichukua. Kwa hiyo baadhi ya dawa tunazopulizia pamba na sumu ile ya vita ni watoto wa ukoo mmoja. Ndiyo maana kila mara tunasema debe la dawa lisioshwe mtoni wala lisitiwe maji ya kunywa. Haya, turudi baharini.

Vita Kuu ya Pili ilikwisha Ulaya mwaka 1945. Ujerumani ilishindwa. Washindi, yaani Waingereza, Wamarekani, Warusi na Wafaransa, walipoingia ndani ya nchi walikuta maghala yamejaa mabomu ya sumu. Hayakuwa yametumika vitani. Sasa yafanywe nini? Kuyachoma ilikuwa kazi ngumu, ya hatari na ya gharama. Kuyazika ardhini, watu wangekuja kuyafukua. Wakaona njia nyepesi: bahari si kubwa? Bahari si ina kina? Tupeni baharini.

Waingereza na Wamarekani walichukua meli kuukuu, wakazijaza mabomu, wakazivuta hadi kwenye mlango wa bahari unaoitwa Skagerrak, kati ya Norway na Denmark, wakazizamisha pamoja na mzigo wake. Huko kina ni mamia ya mita.

Warusi walifanya kwa namna nyingine. Mwaka 1947 walipakia mabomu kwenye bandari ya Wolgast, Ujerumani, wakayapeleka mashariki ya Bornholm, wakayatupa moja moja kutoka melini. Tume ya Helsinki, ambayo ni chombo cha nchi zinazoizunguka bahari hiyo, imekadiria kwamba hapo Bornholm zilitupwa tani 32,000 hivi za silaha hizo. Mahali pengine, karibu na kisiwa cha Gotland, zilitupwa tani 2,000 hivi.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ni darasani. Lori moja linabeba tani 8. Tani 32,000 ni malori mangapi? Ndiyo, mama, malori 4,000. Kama theluthi moja ya mzigo huo ni sumu yenyewe, nyingine ni chuma na baruti.

Halafu kuna jambo baya zaidi. Meli hazikusubiri kufika mahali palipopangwa. Mabaharia walikuwa na haraka, na nadhani walikuwa na hofu pia, nani anapenda kulala juu ya sumu? Wakaanza kutupa njiani. Mabomu mengine yalikuwa bado ndani ya masanduku ya mbao. Masanduku yakaelea, yakasukumwa na mawimbi, mengine yakafika pwani ya Bornholm na ya Uswidi. Ndiyo sababu ramani ya utupaji haiaminiki. Kwenye karatasi kuna duara. Ndani ya bahari mabomu yametapakaa nje ya duara pia.

Sasa twende chini kabisa, kwenye tope. Hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Mama akichota maji ya mto wakati wa masika, akayaweka mtungini, asubuhi anakuta nini? Juu maji yametulia, chini pana tope laini. Bahari ni hivyo hivyo. Mito inaleta udongo, viumbe vinakufa na kuoza, vyote vinashuka taratibu na kutua chini. Wataalamu huyaita mashapo. Kila mwaka linatua tabaka jipya jembamba juu ya la zamani. Hapo Bornholm kina ni mita 70 hadi 100 hivi, na chini ni tope laini sana. Bomu zito likianguka linazama ndani yake, mengine nusu, mengine yote.

Maji ya chini kule ni baridi. Bahari yenyewe ina mlango mwembamba wa kutokea kwenye bahari kuu, kwa hiyo maji yake huchukua kama miaka 30 kubadilika. Na sehemu za chini kabisa mara nyingi hazina hewa ya kutosha hata samaki kuishi. Yashikeni mambo hayo matatu: baridi, maji yasiyobadilika upesi, na ukosefu wa hewa.

Ganda la bomu linaanza kupata kutu. Si yote kwa pamoja. Bomu la ndege lina ganda jembamba, linatoboka mapema. Kombora la mzinga lina ganda nene, linakaa miaka mingi. Kwa hiyo msidhani sumu yote ilitoka siku moja ikaisha. Hapana. Yako yaliyotoboka zamani, yako yanayotoboka sasa, na yako yatakayotoboka wakati wajukuu zetu wana watoto.

Ganda likitoboka, gesi ya haradali inafanya nini? Akina mama mnajua samli. Siku ya baridi inaganda, siku ya joto inayeyuka. Gesi ya haradali nayo, kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 14, inaganda. Na maji ya chini ya Baltiki ni baridi kuliko hapo. Tena ni nzito kuliko maji, haielei. Basi inabaki pale pale kwenye tope kama donge la samli iliyoganda.

Kemia inasema sumu hii ikichanganyika na maji inavunjika, inageuka kuwa asidi na kitu kingine chenye sumu ndogo zaidi, ambacho hata vijidudu vya majini vinaweza kukila. Hiyo ni habari njema. Mtu aliyesoma nusu ya kitabu angesema: basi, maji yataimaliza. Shida ni kwamba haichanganyiki na maji kwa urahisi. Nje ya donge kunatokea ngozi ngumu. Uji ukipoa juu unafanya utando, si ndiyo? Ukipasua utando, chini uji bado una moto. Donge la haradali ni hivyo hivyo. Nje limekuwa gumu, limeshikana na mchanga na tope, linaonekana kama donge la udongo wa mfinyanzi. Ndani sumu bado nzima, baada ya miaka zaidi ya 70. Tena Wajerumani walikuwa wameongeza dawa za kuifanya nzito ili ing'ang'anie mwilini na ardhini, na dawa hizo zikaifanya idumu zaidi majini.

Za aseniki ni hadithi nyingine kabisa, na mimi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Dawa kama Clark inaweza kuvunjika, ikageuka kuwa dawa nyingine, na nyingine tena. Lakini aseniki iliyomo ndani haivunjiki. Aseniki ni asili, kama chuma kilivyo asili, kama dhahabu ilivyo asili. Unaweza kuyeyusha jembe ukafanya panga, chuma bado ni chuma. Aseniki ya bomu ikitoka inashikana na chembe za tope na kukaa humo. Njia ya kupungua ni kufunikwa na tope jipya au kusambaa.

Kati ya mwaka 2011 na 2014 wataalamu wa Poland, Ujerumani, Finland, Uswidi na Lithuania walifanya kazi kubwa ya kutazama chini ya bahari hiyo. Walitumia vyombo vinavyopeleka sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, kama mtu anavyopiga kelele bondeni akajua mlima uko wapi. Walishusha mashine zenye kamera. Wakachota tope kwa vyombo vya chuma, wakalipima.

Walikuta nini? Walikuta mabaki ya sumu za aseniki na ya haradali ndani ya tope. Lakini hayakuenea sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Yako mabaka mabaka. Karibu kabisa na bomu lililooza sumu ni nyingi. Sogea mita chache, inapungua sana. Wamarekani nao walitupa mabomu ya haradali karibu na visiwa vyao vya Hawaii, na watu waliopima tope la huko waliona jambo kama hilo, kwamba sumu inakaa jirani na bomu.

Kwa hiyo tope ni mlinzi. Linameza, linafunika, linashika. Kama lingeachwa limetulia, madhara yangebaki mahali padogo padogo. Je, linaachwa?

Haliachwi. Hapa nazungumza na wavuvi. Mnajua kokoro linavyokokota chini na kuvuruga kila kitu, mpaka mazalio ya samaki. Wavuvi wa Baltiki wana nyavu kubwa za aina hiyo, zinavutwa na meli za injini, zina vyuma vya kulima tope. Walikuwa wanatafuta samaki wa chini, hasa chewa wa bahari baridi. Wavu ukipita unavunja ganda lililooza, unachana donge, unabeba kipande na kukidondosha kilomita nyingi kutoka hapo. Mara mamia wavuvi wa Bornholm wamevuta nyavu na kukuta humo madonge ya haradali yamekaa kati ya samaki.

Fikirini hali ya mvuvi huyo. Ni usiku, baridi kali, wavu umejaa. Anaona donge la rangi ya udongo, analishika kulitupa nje. Halimuumi. Anaendelea kupasua samaki, anajifuta jicho kwa mkono ule ule. Kufika asubuhi mikono ina malengelenge na jicho halifunguki. Na huko nje baharini hospitali iko mbali.

Serikali za Denmark na Uswidi zikaweka utaratibu. Meli inayovua eneo lile lazima iwe na sanduku la huduma ya kwanza kwa ajili ya gesi hiyo. Mvuvi akipata donge asilifiche. Anatoa taarifa, meli inasafishwa na wataalamu, na samaki wote waliokuwa wavuni wanatupwa. Denmark iliona pia kwamba mvuvi hawezi kutupa samaki wake akabaki na njaa, kwa hiyo ikawa inamlipa fidia ya samaki hao. Mimi naisifu sana kanuni hiyo. Mtu akijua kusema kweli kutamfilisi, atanyamaza, na samaki wenye sumu watakwenda sokoni.

Hao ni watu wazima waliokuwa kazini. Mwaka 1955, kwenye pwani ya Poland, mahali paitwapo Darłówko, watoto waliokuwa mapumzikoni walikuta pipa lililoletwa na maji. Likatoka majimaji. Wakalichezea. Ilikuwa haradali. Watoto zaidi ya 100 waliumia.

Kuna kisa kingine ambacho lazima nikitaje, ingawa si cha Baltiki. Ni cha Bari, bandari ya kusini ya Italia. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Wajerumani zilishambulia bandari hiyo. Meli nyingi zikazama. Moja yake, John Harvey, meli ya Kimarekani, ilikuwa imebeba mabomu 2,000 ya haradali kwa siri. Sumu ikamwagika, ikachanganyika na mafuta ya meli juu ya maji. Mabaharia waliokolewa wakiwa wamelowa mafuta hayo. Wakafunikwa mablanketi na nguo zao zile zile, kwa sababu madaktari hawakuambiwa kitu. Wagonjwa 628 wa jeshi walionekana na dalili za haradali, na 83 walikufa. Raia wa mji ule waliokufa hawakuhesabiwa vizuri. Kama mtu mmoja tu angewaambia wauguzi, "Wavueni nguo, waosheni kwa sabuni," wengi wangepona.

Baada ya vita silaha zaidi zilitupwa katika bahari hiyo ya Adriatiki, na kwa miaka mingi wavuvi wa mji wa Molfetta na jirani zake waliungua mikono na macho. Miaka ya karibuni watafiti wa Italia walivua mikunga kwenye eneo la kutupia, wakawalinganisha na wa mahali pengine. Wa eneo la kutupia walikuwa na aseniki zaidi mwilini, na wengine walikuwa na vidonda vya ngozi. Mkunga ni samaki wa kulala kwenye tope. Anakula humo, anajificha humo.

Najua sasa akina mama mnataka kuuliza: basi samaki wa huko wanalika? Nitajibu kwa uangalifu. Wataalamu wa Finland wamekuta alama za sumu za aseniki za vita katika nyama ya baadhi ya samaki, lakini kwa kiasi kidogo sana. Msichanganye na aseniki ya kawaida, maana samaki wa baharini siku zote wana aseniki kidogo ya asili, na nyingi yake haina madhara. Hii ya vita ina umbo lake, inatambulika kwenye vipimo kama alama ya moto kwenye ng'ombe. Mlaji hayuko kwenye hatari ya kesho asubuhi. Aliye hatarini ni mvuvi anayegusa donge, na ni viumbe vya tope lenyewe, minyoo na konokono, ambao ndio chakula cha samaki. Ambacho alama zile zinatuonyesha ni kwamba njia ya kutoka kwenye tope mpaka kwenye sahani ipo, na inapitika.

Siku hizi nyavu za kukokota zimepungua karibu na Bornholm. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulifunga uvuvi wa chewa wa mashariki ya Baltiki, kwa sababu chewa wenyewe walikuwa wamepungua mno. Tope likapata kupumzika kidogo. Lakini likavurugwa kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiri.

Chini ya bahari hiyo yalipita mabomba makubwa ya kuleta gesi ya kupikia na ya viwanda kutoka Urusi mpaka Ujerumani. Walipoyalaza walipima tope kwanza, wakayazungusha kukwepa mahali pa mabomu. Tarehe 26 Septemba 2022, mabomba hayo yakalipuliwa karibu na Bornholm. Nguvu ya mlipuko na ya gesi iliyokuwa inatoka ilikoroga tope. Watafiti wa Denmark walikadiria kwamba tani 250,000 za tope lenye sumu zilipanda juu na kuelea majini zaidi ya juma moja. Turudi kwenye malori yetu: hayo ni zaidi ya 31,000. Walipochambua, sumu iliyoleta hatari kubwa haikuwa ya mabomu. Ilikuwa risasi, ile madini, pamoja na dawa ya kupaka meli ili konokono wasishike, vitu ambavyo viwanda na meli vimekuwa vikimwaga kwa miaka mingi. Mabomu yalichangia kidogo. Lakini vyote vilikuwa vimelala kwenye ghala moja, na ghala hilo ni tope.

Sasa mtauliza, kwa nini hawayatoi? Mabishano ni makubwa na kila upande una hoja. Wanaosema yaachwe wanasema hivi: ganda limeoza, ukilinyanyua linapasuka mkononi, sumu ya bomu moja inamwagika kwa dakika moja badala ya miaka 50. Wanaosema yatolewe wanasema: kadiri tunavyongoja ndivyo yanavyozidi kuoza, na itafika siku hakutakuwa na kitu cha kunyanyua, ila donge na tope.

Kutoa si jambo lisilowezekana. Wajapani wamefanya katika bandari ya Kanda. Kuanzia mwaka 2004 walitoa mabomu ya kemikali ya wakati wa vita, wakayalipua ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa kabisa, moshi usitoke. Lakini Kanda ni bandari, maji yake ni mafupi. Mwaka 2024 Ujerumani nayo ilianza majaribio ya kutoa mabomu katika ghuba ya Lübeck, kwenye Baltiki hiyo hiyo. Hayo ni mabomu ya kawaida, si ya sumu, na tayari kazi ni ya mamilioni ya fedha. Bornholm kuna kina zaidi, tope zaidi, na mzigo ni mwingine.

Na nani alipe? Mwaka 1972 mataifa yalikubaliana mjini London kwamba silaha za kemikali zisitupwe tena baharini. Mwaka 1993 ukafuata mkataba mwingine wa kupiga marufuku silaha zenyewe, ukaanza kufanya kazi mwaka 1997. Tanzania iliuridhia mwaka 1998. Ni mkataba mzuri. Mwaka 2023 Marekani ilimaliza kuharibu akiba yake, na hapo akiba zote zilizokuwa zimetangazwa na nchi wanachama zikawa zimekwisha. Lakini mkataba una kifungu kimoja: silaha zilizotupwa baharini kabla ya tarehe 1 Januari 1985, nchi halazimiki kuzitangaza wala kuziharibu. Someni tena tarehe hiyo. Mzigo wa Bornholm ulitupwa mwaka 1947. Kwa maana hiyo, kwa sheria, hauna mwenyewe.

Mwenye kutupa alikuwa askari wa nchi nyingine. Amekwisha kufa, na nchi yenyewe iliyomtuma, Umoja wa Kisovieti, ilivunjika mwaka 1991. Aliyebaki na mzigo ni mvuvi wa Bornholm ambaye hakuwa amezaliwa. Mimi naona si haki.

Nchi za huko sasa zinaendelea kupima tope, kuandika upya ramani, na kuangalia ni bomu lipi liko katika hali gani, ili kama yatatolewa waanze na yaliyo mabaya zaidi. Kwenye ramani za mabaharia eneo la mashariki ya Bornholm limewekewa alama ya onyo, na meli inayoburuta nyavu huko inapita na sanduku lake la dawa.

Haya, mzee wangu pale nyuma amenyoosha mkono. Karibu, uliza.